Mate ya Bibi wa Lemara

Miaka ile ya Waingereza, ungeuliza Ngarenaro nzima ni nani anayeweza kuifungua skuta ikawa vipande na kuirudisha ikalia, wangekuelekeza kwa Hatibu. Alitoka Pangani akiwa fundi wa baiskeli. Skuta zilipoanza kuonekana Arusha, chache tu, za makarani na walimu na Wazungu wavivu wa kutembea, Hatibu alizisogelea kidogo kidogo, leo anakaza nati, kesho anasafisha plagi, mpaka siku moja watu wakashtukia kwamba ndiye fundi wao. Mikono alikuwa nayo. Moyo ndio uliokuwa mdogo.

Nisimwonee. Woga wake ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa Arafa, mkewe. Mimba zake zilizotangulia zilitoka kabla ya wakati, na ile ya mwisho ilitoka mtoto akiwa ameshaanza kucheza. Sasa alikuwa na nyingine, na hii ilikuwa imefika mbali kuliko zote. Tangu tumbo lionekane, Hatibu alikuwa akinyata ndani ya nyumba yake mwenyewe utadhani mwizi. Akisikia bundi, hali chakula. Akijikwaa mguu wa kushoto mlangoni, anarudi ndani, anaketi, anaanza safari upya. Mke alimcheka, lakini naye alikuwa akihesabu siku zake kimoyomoyo na kuomba.

Basi wiki hiyo ililetwa skuta ya Mwalimu Sadoki, Mmeru mmoja wa shule ya misheni huko juu mlimani, mtu wa shati jeupe na maneno machache. Klachi ilikuwa inamsumbua. Mwalimu aliitaka Jumamosi bila kukosa, maana mkaguzi wa Kizungu alikuwa anakuja shuleni. Hatibu alibadilisha waya wa klachi, akakaza, akapaka grisi, na ikabaki kuijaribu. Klachi huwezi kuijaribu kwenye tambarare, inataka kupanda na kushuka. Lakini Hatibu hakuwa na leseni, na askari wa barabarani mjini walikuwa hawana mchezo na mtu mweusi juu ya mashine. Kwa hiyo akakamata njia za nyuma, akaelekea Lemara, kwenye mashamba ya Waarusha, ambako askari alikuwa akifika kwa nadra sana.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Njia ilipita katikati ya migomba na kahawa, upande mmoja mfereji wa maji, upande mwingine ukingo wa majani. Klachi ilishika vizuri ajabu, na Hatibu, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, alikuwa amesahau kuogopa. Hapo kwenye kona, bibi mmoja mzee akatokea migombani na kibuyu cha maziwa mkononi, akaingia katikati ya njia.

Hatibu alikamata breki, gurudumu likateleza. Alichoona mbele yake ni uso wa yule bibi, na bila kufikiri akaupinda usukani upande wa mfereji. Skuta ikalala ubavu, ikaburuzika, ikampita bibi kwa upana wa kanga, ikajibamiza kwenye mawe ya mfereji. Hatibu alipoinua kichwa, mdomo unatoka damu, aliona bibi ameketi majanini miguu imenyooka, na kibuyu kimeviringika kando, maziwa yanamwagika kuelekea majini.

Alitambaa mpaka pale. Alishasikia kwamba kwa watu hawa maziwa si kitu cha kumwaga ovyo, na mzee si mtu wa kuangusha. Kiswahili chote kilimtoka kwa mkupuo mmoja.

"Shikamoo, bibi! Nisamehe! Nina mtoto, bibi, mtoto anakuja, mtoto tumboni!" Akawa anajipigapiga tumbo lake mwenyewe, maana aliona bibi hamwelewi. "Mtoto! Mtoto!"

Bibi akainuka kwa mkongojo wake. Akaitazama skuta ndani ya mfereji, akayatazama maziwa, akamtazama Hatibu. Kisha akamsogelea, akamshika kichwa kwa mkono mmoja, akamtemea mate utosini. Akamfungua viganja, akatemea humo. Halafu akafanya jambo lililomtisha Hatibu zaidi. Aliligusa tumbo la Hatibu pale pale alipokuwa akijipiga, akatema tena, huku akisema maneno marefu ya Kimaa kwa sauti ya chini. Katika maneno yote hayo Hatibu alilishika moja tu, Engai, naye alijua kwamba huyo ndiye Mungu wao. Bibi akaokota kibuyu chake, akashika njia yake, akatokomea kwenye kahawa.

Mwacheni mtu wa Pangani afikiri atakavyofikiri. Kwao, mtu uliyemkosea akimtaja Mungu mbele yako, anakushtaki. Kuna watu wamesomewa halbadiri, kisomo cha kulaani, kwa sababu ya kuku tu, wakapukutika nyumba nzima. Ni kweli kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani naye husoma akatemea mate kwenye kikombe cha mgonjwa, na mgonjwa akapona, lakini mgonjwa huyo hakumwangusha mwalimu na kumwaga maziwa yake. Hatibu alijitupa kwenye mfereji ule ule, akajisugua kichwa, viganja na tumbo kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka. Haikusaidia kitu, woga ulikuwa umeshaingia ndani.

Skuta aliisukuma mpaka nyumbani. Na hapo akafanya kosa ambalo mwanamume mwenye akili asingelifanya, alimweleza mkewe. Arafa alimwona ana matope na mdomo umevimba, akauliza, na Hatibu, badala ya kusema ameteleza, akatapika yote, maziwa, Engai, mate na tumbo.

Arafa aliketi taratibu kwenye mkeka.

"Alitemea hapa?" akauliza, akionyesha tumbo lake.

"Alitemea kwangu. Lakini alijua. Nilimwambia mwenyewe."

"Ulimwambia wa nini, mume wangu?"

Hatibu akaanza kufuta matope miguuni. Alikuwa ametaka kuonewa huruma, na alihisi kwamba amemkabidhi adui mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake akaanza kuitengeneza skuta kibandani kwake. Madhara yenyewe hayakuwa makubwa, fundi mwenye utulivu angeyamaliza huku anapiga soga. Madigadi ya mbele ilikuwa imebonyea mpaka inagusa tairi. Uma unaoshika gurudumu la mbele ulikuwa umepinda kidogo, kioo cha taa kimevunjika, na mkono wa klachi umekatika ncha. Hatibu alifungua gurudumu, akaitoa madigadi, akailaza juu ya gunia la mchanga, akaanza kuigonga kwa nyundo ya mti kutoka ndani, taratibu, ili bati lirudi bila kupasuka. Kazi hiyo aliifanya miaka yote kwa usingizi. Siku hiyo nyundo iliruka ikampiga kidole gumba.

Akakitazama kidole. Akaitazama nyundo. "Yameanza," akasema.

Lesikar alikuwepo, ameketi kwenye debe lake kama kawaida. Huyu alikuwa Mwarusha, mlinzi wa duka la nguo la jirani, na asubuhi akitoka lindo alipitia pale kunywa chai kabla ya kurudi kwao Lemara. Alikuwa mtu wa kutegemewa na mcheshi. Lakini siku hiyo Hatibu alimwona kwa macho mengine. Bibi yule alikuwa wa kwao. Yeye Hatibu akisema neno, Lesikar atalipeleka bomani kwao, wazee watakaa, litakuja shauri la ng'ombe na mambo mengine asiyoyajua. Akaishika tena nyundo.

"Nini imeanza, fundi?" Lesikar akauliza.

"Maumivu ya kidole."

"Pole. Ulianguka wapi na hii kitu?"

"Huko. Kwenye utelezi."

Uma ule aliunyoosha kwa bomba la chuma, akaupima kwa kamba, ukakaa sawa. Kioo kipya cha taa alichokipata kwa taabu kwa Mhindi mwenye spea kilipasuka mikononi wakati anakikaza, kwa sababu alikaza kama anafunga gurudumu la lori. Ikabidi aazime kingine kwenye skuta mbovu. Kila kitu kilichokwenda kombo, Hatibu alikipokea kichwa kimeinama kana kwamba anasomewa hukumu. Na nyumbani Arafa alikuwa hali chakula. Alikuwa ameketi na kiganja tumboni, anasikiliza.

Alhamisi skuta ilikuwa imekamilika. Madigadi ilinyooka, rangi ikapakwa pale palipochubuka, mkono wa klachi ukawa mpya. Hatibu akapanda, akapiga teke la kuwashia. Kimya. Akapiga tena. Akabadilisha plagi, akafungua kabureta, akaipuliza, akairudisha, akapiga mateke mpaka shati likalowa. Hata kukohoa, mashine haikukohoa. Hapo Hatibu alikaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa, na machozi yakamtoka mtu mzima mchana kweupe.

Lesikar aliweka kikombe chake chini, akainama, akachungulia chini ya kiti.

"Fundi, hii koki ya petroli si inatakiwa kufunguliwa?"

Ilikuwa imefungwa. Hatibu alikuwa ameifunga mwenyewe pale mferejini, akasahau. Ndiyo hivyo, woga ukikushika unaweza kutafuta jini kwenye injini ambayo haina mafuta. Aliifungua, akapiga teke, skuta ikawaka. Mtu mwingine angecheka, wakayamaliza hapo. Hatibu hakucheka, kwa sababu wakati huo huo jirani alikuja mbio kumwita, Arafa anamtaka.

Alimkuta amesimama, ameegemea ukuta, uso umepauka.

"Tangu alfajiri hajacheza," Arafa akasema. "Nimekunywa maji ya baridi, nimelala ubavu, hachezi. Hatibu, nenda kwa yule bibi. Umwangukie miguuni. Akiondoe alichokiweka."

Hatibu alitoka mbio. Alirudi kibandani akamwambia Lesikar kwamba kuna bibi wa kwao ambaye yeye Hatibu alimwangusha kwa skuta, na anataka kwenda kumwona, tafadhali afuatane naye akawe mkalimani. Akamweleza kona, mfereji na kibuyu.

"Ah, huyo ni koko Nashipae, bibi yetu sote," Lesikar akasema. "Hana neno yule. Twende."

Wakanunua sukari na majani ya chai, wakapanda skuta ya Mwalimu Sadoki, mmoja nyuma ya mwingine. Hatibu aliendesha polepole hata watoto wakawapita wakikimbia. Mguu wake mmoja ulikuwa ukigusa ardhi njia nzima.

Koko Nashipae alikuwa uani kwake anapukuchua maharage. Lesikar aliinamisha kichwa kwa salamu, bibi akamgusa utosini. Hatibu naye aliinamisha kichwa, kisha akakirudisha haraka, akihofia mate mengine. Akaweka sukari na chai chini, akapiga magoti kabisa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo jambo lilipoharibika. Mtu wa pwani aliyelelewa vizuri haliiti baya kwa jina lake. Ugonjwa hauiti ugonjwa, husema mtu hajambo kidogo. Laana haiiti laana, hasa mbele ya aliyeitoa, utakuwa kama unamtukana na kumkumbusha. Hatibu alilizunguka neno hilo kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

"Bwana Lesikar, mwambie bibi nimekuja kwa heshima. Siku ile alinitemea mate, ya kwangu na ya mtoto tumboni. Namwomba aniondolee."

Lesikar akamgeukia. "Aondoe nini?"

"Kile alichoniwekea."

"Ile ya mate?"

"Hiyo hiyo."

"Yote? Na ya mtoto? Maana wewe umesema alitemea ya mtoto pia."

"Ya mtoto kwanza! Hiyo ya kwangu hata ikibaki, ya mtoto aiondoe, nakuomba ndugu yangu."

Lesikar alijikuna kidevu. Alimtazama Hatibu, akaitazama kofia yake nyeupe, akaonekana kama mtu aliyepata jibu. "Haya," akasema. "Ni mambo ya dini yenu." Hatibu akaitikia kwa kichwa. Wakati huo angeitikia chochote.

Maneno yalipokwenda kwa Kimaa, mikono ya bibi ilisimama juu ya maharage. Akauliza kitu kifupi.

"Anauliza kama una hakika."

"Mwambie nina hakika. Namwomba kwa jina la Mungu."

Bibi akasogeza maharage kando. Kisha akainuka, akashika pindo la shuka yake, akampangusa Hatibu utosi. Akampangusa kiganja hiki, na hiki. Akaliendea tumbo, akalipangusa taratibu kutoka juu kwenda chini, akaukung'uta mkono wake pembeni. Halafu akarudi kwenye maharage yake, akasema na Lesikar kwa Kimaa, wala hakumtazama Hatibu tena. Sukari hakuigusa.

Hatibu alitoka pale mwepesi. Hofu ya tangu siku ile ilimwachia, na alipolivuta shati lake la jasho na kupanda skuta alijikuta anaimba kaswida. Aliendesha kwa mwendo wa kweli, klachi inashika, breki inashika, madigadi haigusi tairi. Alitaka kufika nyumbani aone mke wake akicheka.

Walipofika karibu na mfereji, Lesikar akasema nyuma yake, "Si wewe peke yako, fundi. Hata dada yangu Elizabeth alipobatizwa kwa Walutheri alikataa. Mama alilia."

"Alikataa nini?"

"Kutemewa. Baraka ya wazee. Alisema yeye amepata ya maji kanisani, inatosha. Nyie watu wa dini ndivyo mlivyo, sisi tumezoea."

Skuta ilipunguza mwendo yenyewe, maana mkono wa Hatibu ulikuwa umelegea. Ikasimama. Injini ikazima.

"Baraka?"

"Sasa unafikiri ni nini? Koko amenieleza pale. Anasema aliona mtu anaitupa mashine yake kwenye mawe ili asimguse mwanamke mzee. Ukamwambia una mtoto anakuja. Akaona, huyu, Engai ampe huyo mtoto, aje mzima, azeeke. Nashipae hamtemei kila mtu, fundi. Kuna watu wanatoka mbali kwa ajili yake." Kisha akauona uso wa Hatibu. "Wewe ulifikiri nini?"

Hatibu akapiga teke la kuwashia. Aliigeuza skuta pale pale njiani, nusura waingie mferejini mara ya pili. Walimkuta bibi anapepeta maharage. Safari hii Hatibu hakuzunguka neno lolote. Alimwaga yote, halbadiri, Pangani, mimba zilizotoka, mtoto asiyecheza, na Lesikar akawa anatafsiri huku ameinamisha macho.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo lilimtisha Hatibu zaidi. Alizungumza polepole, na Lesikar akasubiri amalize.

"Anasema mate yake siyo maji ya bomba, uyafungue na uyafunge. Umeomba yaondoke, yameondoka. Anasema umlete mtoto akizaliwa, atamtemea mwenyewe, kichwani."

"Na mpaka azaliwe?" Hatibu akauliza.

Lesikar alimuuliza bibi. Bibi alifungua mikono yake miwili, mitupu, akairudisha kwenye ungo. Alimsukumia Hatibu sukari yake, akasema ampelekee mama mtoto.

Njia ya kurudi waliishuka kwa miguu, Hatibu anaisukuma skuta iliyo nzima kabisa, Lesikar anatembea kando na sukari mkononi. Hatibu aliogopa mawe, akaogopa utelezi, akaogopa ng'ombe waliopita. Zamani aliogopa kitu ambacho hakikuwepo. Sasa alijua kilikuwepo kitu kizuri juu ya mtoto wake, na yeye ndiye aliyepiga magoti akaomba kiondolewe.

Arafa alikuwa amesimama mlangoni anamsubiri, kanga ameishika kwa meno.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ameondoa?"

Hatibu akaegemeza skuta ukutani, akachelewa kuigeukia sura ya mkewe. "Ameondoa."

"Yote? Na ya mtoto?"

"Yote."

Arafa alifumba macho, akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu siku ile, akasema alhamdulillahi mara nyingi. Akaomba chai yenye sukari nyingi, akaomba na mkate. Alikunywa amejinyoosha mkekani, na ghafla akacheka, akamvuta mumewe mkono.

"Amecheza! Hatibu, ameanza kucheza! Si unaona, ameondolewa mzigo. Weka mkono hapa."

Hatibu akauweka mkono. Mtoto alikuwa anacheza kweli, kwa nguvu. Arafa alikuwa anamtazama mumewe kwa furaha, anamsubiri naye acheke, na Hatibu akacheka. Lakini aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maisha yake yote, na safari hii hakuwa na wa kumweleza.